Nani Anakusuka Nywele Huko?

Juzi kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Kasongo alikuja kuniaga. Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, na mama yake alimkataza kuondoka kabla hajapita kwa mzee wa makaratasi, yaani mimi. Alinionyesha barua ya shule, barua nzuri, mihuri miwili na saini ya wino wa buluu. Niliisoma yote, nikaikunja, nikamrudishia. Kisha nikamuuliza, "Huko uendako, nani atakunyoa nywele?"

Alicheka kwa adabu, akamtupia mama yake jicho la kusema huyu babu ameanza kuchoka. Mama yake hakucheka. Alimsukuma kidogo kwa kiwiko, akamwambia, "Jibu, muzee amekuuliza."

Akafungua barua yake tena, kulitafuta jibu humo. Basi nimeona niwaandikie ninyi nyote mnaofunga masanduku siku hizi, na wadogo zenu watakaofuata, niwaeleze swali hilo nililipata wapi. Sikulipata shuleni wala kwa Mzungu. Nililipata kwa mama mmoja mkulima wa pamba wa kijiji cha Wamaza, baada ya kufanya kosa ambalo lingeweza kunifuata mpaka kaburini. Halikunifuata, Mungu ashukuriwe, ndiyo maana naweza kulisimulia huku nakunywa chai.

Nilikuwa karani katika biro, yaani ofisi, ya serikali hapa Kasongo, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Meza yangu ilikuwa meza ya safari. Wakati ule mtu hakutoka kwao kwenda mji mwingine bila karatasi ya njia, na aliyetaka kutoka nje ya koloni kwenda kusoma alihitaji dosye nzima, jalada la makaratasi: barua ya shule, barua ya daktari, jina la mtu wa kumpokea, ruhusa ya mzazi yenye alama ya kidole gumba. Wanafunzi wa namna hiyo hawakuwa wengi. Waislamu walipeleka vijana wao Ujiji kwa walimu wa dini. Wengine walivuka mto Ruzizi kwenda Usumbura, iliyokuwa chini ya Wabelgiji walewale lakini ikihesabiwa nchi nyingine. Mwishoni kabisa walianza kutoka mmoja mmoja kwenda Ubelgiji kwenyewe, na wa kwanza wao nilimharibia barua ya daktari kwa mawese, maana niliweka chakula changu cha mchana juu ya dosye yake. Wote hao walipita mezani kwangu, nami nilijiona mtu mkubwa sana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Asumani, karani wa siku nyingi, mwenye kofia nyeupe na miwani iliyoshikiliwa na uzi upande mmoja. Juu yake alikuwepo Mbelgiji wa kutia saini, lakini Mbelgiji huyo alibadilishwa kila baada ya muda na Mzee Asumani hakubadilishwa, kwa hiyo ninyi wenyewe mnajua nani aliendesha biro. Alinifundisha mambo madogo madogo. Usigonge muhuri karatasi ikiwa juu ya meza tupu; weka gazeti chini yake, wino ushike sawasawa. Mtu akishatia kidole gumba, mfute wewe mwenyewe, asije akapaka wino nguo yake akakuchukia maisha yote. Barua ya daktari isome kuanzia chini, kwa sababu sifa wanazitanguliza na ugonjwa wanauweka mwishoni. Jambo kubwa alinifundisha mara moja tu, akiwa anamenya muwa.

"Karatasi ni mugeni wa siku ya kwanza," alisema. "Inakaa vizuri, inakula kidogo, inasema aksanti. Weye ngojea siku ya tatu."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kutikisa kichwa ndiyo iliyokuwa tabu yangu. Shule za bweni zilikuwa zikituma orodha ya vitu vya kuja navyo: mashuka mawili, blanketi, sabuni, na kadhalika. Orodha moja iliongeza pete ya kitambaa cha kulia. Baba wa yule mwanafunzi, mkulima wa Kabambare, aliniuliza hiyo ni pete gani. Mimi sikuwahi kuona meza ambapo kitambaa kinavishwa pete, lakini karani hasemi sijui, basi nikamwambia kwa sauti nene kwamba ni pete ya kufungia nguo zisipotee wakati wa kufua. Mzee wa watu akaenda kwa fundi wa baiskeli, akakatiwa kipande cha bomba nene, akakisugua kwa mchanga na ndimu mpaka kikang'aa. Kijana akaenda nacho. Siku ya kwanza ya chakula wenzake walitoa vipete vyao vya mti, naye akaweka mezani chuma chake, na kitambaa kikapotea ndani. Alipokuja likizo alinisalimia kwa heshima zote, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema, "Yaya karani, ile pete yako, kule wanaiita muzinga." Tangu hapo nilianza kujifunza kusema sijui, na nawaambia neno hilo halijaniua.

Kuna watu wazima hapa mjini, wengine wana wajukuu, ambao wakinikuta sokoni huniamkia kwa malalamiko. "Yaya karani, jua ni kali, viatu vinanibana, na samaki wa leo wameoza." Wapita njia hushangaa. Hao ni wanafunzi wangu. Kwa miaka yangu yote iliyobaki pale mezani baada ya kosa lile, hakuna aliyegongewa muhuri wa kwenda kusoma nje kabla hajasimama mbele yangu akalalamika kwa sauti, na wengi walishindwa mara ya kwanza. Wamelelewa vizuri mno. Nakumbuka kijana mmoja, mtoto wa katekista, jasho likimtoka.

"Sema chakula ni kibaya," nikamwambia.

"Chakula... kinatosha, karani."

"Nakuambia kina mawe."

"Mawe yake ni madogo."

Mzee Asumani alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Nilimrudisha kijana yule nyumbani akafanye mazoezi kwa nyanya yake. Sasa niwaeleze kwa nini karani mwenye akili zake afundishe watoto wa watu kunung'unika.

Mwayuma alikuwa binti wa Wamaza, wa miaka kumi na saba hivi, aliyemaliza shule ya misheni akiwa mbele ya wenzake. Baba yake alikuwa amefariki. Shangazi yake naye alifia njiani, akibebwa kwenye machela kupelekwa Kabambare kujifungua, na Mwayuma alikuwa miongoni mwa waliofuata ile machela kwa miguu. Tangu siku hiyo alitaka kuwa mkunga wa hospitali, na hakuna aliyemtoa neno hilo kichwani.

Ikaja barua kutoka Usumbura. Nyumba moja ya mafunzo ya ukunga, ya mtu binafsi, ilikuwa inapokea wasichana kutoka koloni, miaka miwili, kula na kulala ndani. Barua ilipigwa chapa bila kosa hata moja, na muhuri wake wa zambarau ulikuwa mpana kama kifuniko cha sufuria. Niliupenda muhuri ule. Mama Mwayuma aliogopa, na alikuwa na sababu. Baba mdogo wa binti alikuwa ameshapata mtu wa kumwoza, mtu wa makamo mwenye wake wawili, na alikuwa anangoja tu mama akose la kusema. Mimi ndiye niliyepanda kamio, lori la pamba, mpaka Wamaza, nikakaa barazani kwake, nikamsomea barua mara mbili.

"Mama, usiwe na hofu," nikamwambia. "Nyumba hiyo nimeiangalia."

Nilikuwa nimeangalia muhuri. Mama akatia kidole gumba, nikamfuta mwenyewe kama nilivyofundishwa. Baba mdogo akasema mbele ya watu wote, "Aende. Lakini siku akirudi mukono mutupu, ataolewa juma ile ile, na mutu asiniulize." Hivyo ndivyo Mwayuma alivyoondoka, na maisha yake yalikuwa yamekaa juu ya neno langu.

Wamaza hakukuwa na posta, kwa hiyo barua zake zilikuja kwangu bironi, na mama yake alikuja kusomewa. Ile ya kwanza ninayo kichwani mpaka leo: "Baada ya salamu nyingi, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlioko huko. Masomo yanaendelea vizuri. Nawasalimu wote, mkubwa kwa mdogo." Nani kati yenu hajaandika barua ya namna hiyo? Nilichukua kalamu yangu nyekundu, nikaandika juu ya dosye: salama. Mama Mwayuma alikuwa ametembea siku mbili. Alisikiliza kidevu kikiwa mkononi, akauliza, "Iko na ingine?" Nikasema ndiyo hiyo tu. Akasema sawa, akajitwika kikapu chake, akarudi.

Barua ya pili ilipokuja aliniambia nimemsomea ya mwezi uliopita. Ilibidi nimwonyeshe bahasha. Ya tatu, ambayo nayo nilikuwa nimeshaiandikia salama kama ya pili, hakuniacha nimalize.

"Karani, hii barua si ya mutoto wangu."

"Iko na jina lake, mama. Na mwandiko ni wake, angalia."

"Jina ni lake. Mwandiko ni wake. Maneno haiko yake." Akakaa kwenye benchi la wageni bila kukaribishwa. "Mwayuma nimemuzaa miye. Ule mutoto kama iko muzima, analalamika. Maji ya kuoga iko moto, analalamika. Iko baridi, analalamika. Nikimupa ugali, anauliza kwa nini si muchele. Siku moja tu alinyamaza kutwa nzima, nikajua iko mugonjwa, na kweli homa ilimwangusha. Sasa miezi tatu hajalalamika hata kidogo. Mutoto wangu iko na nini?"

Lazima niseme ukweli, nilikasirika. Nilimwambia kwamba kuna wazazi wanaomba Mungu kila siku waandikiwe barua moja tu yenye neno salama, na yeye ameandikiwa tatu anazikataa. Aliyejibu ni Mzee Asumani, kutoka meza yake, bila kuinua kichwa.

"Kijana, umeshamuuliza mugonjwa hujambo, akakujibu hapana?"

Kwetu mtu anapita juu ya machela, unamwambia hujambo, anakujibu sijambo. Ni adabu, na ni adabu nzuri, inatuwezesha kuishi pamoja. Lakini mimi nilikuwa nimeichukua adabu nikaifanya ripoti, mara tatu, kwa wino mwekundu. Nilichukua dosye nikaingia kwa Mbelgiji, nikamweleza nataka kwenda kuiona ile nyumba.

"Kuna malalamiko?" akauliza.

"Hakuna, bwana. Ndiyo tabu yenyewe."

Alinirudishia dosye kwa ncha ya vidole.

Basi nilichukua konje yangu, likizo ya mwaka. Ilikuwa siku ishirini, na nilikuwa nimezipangia kuezeka nyumba yangu. Mabati yalikuwa yameegemea ukuta yakinisubiri. Mzee Asumani mwenyewe ndiye aliyeniandikia karatasi ya njia. Mahali pa sababu ya safari aliandika: kumtazama ndugu. Nilimwambia Mwayuma si ndugu yangu. "Ulimwambia mama yake umeangalia nyumba," akasema. "Basi ni ndugu yako."

Nilimkuta Mama Mwayuma bado yupo mjini, kwa watu wake karibu na soko. Nilidhani atanipa kifurushi cha karanga au kitenge cha kupeleka. Alinipa maneno.

"Usimuulize kama iko salama. Atakwambia iko salama, nimemulea vizuri. Umuulize nani anamusuka nywele."

"Nywele, mama?"

"Weye umuulize tu."

Safari ilikuwa siku tano. Kamio ya pamba mpaka Kabambare, nyingine mpaka Fizi, nyingine kushuka mpaka ziwani na kufuata ufuko hadi Uvira, kisha daraja la Ruzizi, ambapo polisi alisoma karatasi yangu akiwa ameishika juu chini, nami nikamshukuru. Nilifika Usumbura vumbi likiwa limeingia hata ndani ya soksi. Nilioga, nikavaa shati langu la biro, na saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni.

Nyumba ilikuwa kubwa, imezungushiwa ukuta. Mwenyewe, ambaye wote walimwita Direkta, alikuwa mtu wa makamo mwenye suti ya kijivu na sauti ya upole. Alinipa kiti chenye mto, akaniletea chai na biskuti. Alinionyesha chumba chenye vitanda vilivyotandikwa na picha ya mifupa ya binadamu ukutani. Wajukuu, nisiwafiche: kiti na biskuti mbili zilinitosha. Nilianza kuyahurumia mabati yangu. Nikaomba kumwona Mwayuma, ili nikamwambie mama yake nimemwona kwa macho, basi nirudi zangu.

Akaja, amefunga kitambaa kichwani, mikono nyuma. Alikuwa amekonda, lakini wanafunzi hukonda. Direkta alibaki amekaa palepale.

"Hujambo, Mwayuma?" nikamuuliza, mimi mjinga.

"Sijambo, karani. Niko muzima. Hofu kwenu. Wote kule hawajambo?"

Ilikuwa barua ileile, sasa imesimama mbele yangu. Ndipo nikakumbuka nilichotumwa.

"Mama yako amesema nikuulize nani anakusuka nywele."

Direkta alicheka, akasema hayo ni mambo ya wanawake. Mwayuma hakucheka. Alileta mikono mbele, ngozi yake imebanduka kwa soda ya kufulia mpaka kwenye viwiko, akafungua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, huku ndefu, huku hakuna.

"Hakuna mutu, karani," akasema. "Walitukata wote, siku ya kwanza, na kila mwezi wanakata tena. Direkta alisema nywele inakula saa za kazi."

Halafu akaanza kulalamika, na nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya ukame. Wanafua mashuka ya mahoteli tangu alfajiri. Mwalimu alikuja mara mbili tu. Kaye yake, daftari la masomo, ina kurasa mbili zilizoandikwa. Karatasi zao za njia zimefungiwa kabatini mwa Direkta, na bila karatasi huwezi kufika hata darajani. Barua za nyumbani zinaandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi, nao wananakili.

Direkta hakupandisha sauti. "Mgeni siku mbili," aliniambia, "siku ya tatu mpe jembe. Si hata kwenu mnasema hivyo?"

Siku ya tatu. Nilimsikia Mzee Asumani akimenya muwa wake.

"Tunasema," nikajibu. "Lakini huyu hakuja kutembea. Ana karatasi, na karatasi nimeiandika mimi, na nimeandika mwanafunzi." Nikatoa kalamu nyekundu mfukoni, nikaiweka juu ya meza yake. "Nionyeshe kaye yake imejaa, nitaliacha neno langu kama lilivyo. Kama haikujaa, nitaandika mfanyakazi. Na mfanyakazi kutoka koloni asiye na kontra, mkataba wa kazi, ni kazi ya mkaguzi. Biro yake nimeipita asubuhi hii."

Sikuwa nimepita biro yoyote, sikujua hata iko upande gani wa mji. Direkta aliitazama kalamu, akanitazama mimi, akatoa ufunguo. Aliweka mezani karatasi moja, ya Mwayuma. Binti hakuichukua.

"Na za wenzangu," akasema.

Nilikwenda kwa ajili ya mmoja, nikatoka na tisa, wakinifuata barabarani na mafurushi yao vichwani, kila mmoja ameshika karatasi yake mwenyewe mkononi. Watu wa Usumbura walisimama kututazama. Sijawahi kutembea vizuri vile maishani mwangu.

Mjini humo kulikuwa na hospitali iliyofundisha wasichana kazi ya ukunga. Msimamizi wao, Mbelgiji mmoja mama mzima, aliwapima kusoma na hesabu, akawachukua watano, Mwayuma akiwa wa kwanza. Wanne walitaka kwenda kwao, nikawapakia kamio. Lakini kabla sijamwacha Mwayuma nilimwomba yule mama anionyeshe kitanda, na kaye ya mwanafunzi yeyote wa mwaka uliopita. Alinionyesha, kitanda kina blanketi, kaye imejaa mpaka ganda la nyuma. Kisha nikamuuliza wasichana wake wanasukana wapi. Alidhani hasikii Kiswahili vizuri, nikarudia. Akanipeleka nyuma, kwenye baraza. Ilikuwa Jumamosi mchana. Wasichana kama kumi walikuwa wamekaa kwenye mikeka, vichwa vya hawa mapajani mwa wale, mafuta na vitana katikati, wakiteta kwa lugha nne. Hapo ndipo nilipomwelewa Mama Mwayuma. Kusuka nywele kunataka nusu siku ya kupumzika, kunataka mwenzako anayekupenda kidogo, na mahali pa kukaa bila kufukuzwa. Mwenye vitu hivyo vitatu, hata chakula kikiwa kibaya, ataishi.

Nilirudi Kasongo na ripoti yenye malalamiko ya watu tisa. Mbelgiji wetu aliisoma mara mbili na safari hii hakunirudishia kwa ncha ya vidole. Aliandikia wenzake wa Usumbura, na baadaye tulisikia ile nyumba imefungwa. Mvua ilikuwa imenyesha ndani kwangu majuma matatu, kitanda kimeota uyoga mguuni. Sikujali. Kilichonikosesha raha ni baba mdogo, aliyekuwa anasema Wamaza nzima kwamba binti amehamishwa kwa sababu amefukuzwa. Mama Mwayuma hakuwa na la kumjibu mpaka ije barua.

Ninyi mnajua mwisho wake, kwa sababu nusu ya watu wa Kabambare wa rika fulani walipokelewa na mikono ya Mwayuma, na mama wa yule kijana aliyekuja kuniaga ni mmojawapo. Sisi hatukuujua. Tulingoja miezi miwili.

Siku ilipofika, Mama Mwayuma alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile. Nilichana bahasha. Hapakuwa na baada ya salamu nyingi. Ilianza hivi:

"Mama, chumvi ya huku ni nyingi mno. Kitanda changu wamekiweka karibu na dirisha na upepo unaniingia shingoni. Mwalimu wetu anapiga kelele kama hatusikii. Kuna msichana wa Bukavu jina lake Feza, ananisuka kila Jumamosi hizi nywele fupi fupi zilizoota, lakini mkono wake ni mgumu, ananivuta mpaka macho hayafungi, na nikimwambia anacheka."

Iliendelea kurasa mbili. Mama Mwayuma alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona ni vyote viwili.

"Soma tena pale pa nywele," akasema.

Nikasoma. Akaniambia tena. Mara ya nne sikuweza, herufi zilikuwa zinaogelea, na Mzee Asumani alikuja akaichukua barua, akamalizia yeye. Mama akainyoosha mikononi mwake, ingawa hakujua kusoma, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya fundo la nguo yake. "Nampelekea baba yake mudogo," akasema. "Asomewe yote, na chumvi."

Alipotoka, nilivuta dosye ya Mwayuma. Juu yake palikuwa na salama tatu za wino mwekundu. Nilizifuta zote tatu kwa mstari mmoja, na chini yake nikaandika: analalamika. Mzee Asumani alilisoma neno hilo kwa miwani yake ya uzi, akaweka gazeti chini ya karatasi, akagonga muhuri.